Kiti cha 72

Jioni hii nakuomba twende Marekani, lakini tusiishie Washington, ambako ndiko habari nyingi za nchi ile hututokea. Twende Raleigh, makao makuu ya jimbo la North Carolina. Huko, mwaka 2023, mwakilishi mmoja alihama chama, na ndani ya wiki sita kuhama kwake kukawa kumebadili sheria ya uzazi kwa mamilioni ya wanawake. Anaitwa Tricia Cotham. Nimeifuatilia safari yake kwa muda sasa, na kila nikiirudia naona inatugusa na sisi, kwa sababu habari za watu kurudisha kadi na kukabidhiwa kadi nyingine tunazijua vizuri.

Kwanza tuelewane kuhusu hesabu, maana bila hesabu hii huwezi kuona uzito wa mtu mmoja. Kila jimbo la Marekani lina gavana wake, bunge lake na sheria zake. Bunge la North Carolina lina Seneti yenye viti 50 na Baraza la Wawakilishi lenye viti 120. Bunge likipitisha muswada, gavana anaweza kuukataa kwa kura ya turufu, na hapo muswada unakufa. Unafufuka pale tu ambapo watu watatu kati ya kila watano, katika vyumba vyote viwili, wanaamua kumpita gavana. Wajumbe wote wakiwapo, zinatakiwa kura 30 za Seneti na kura 72 za Baraza.

Uchaguzi wa Novemba 2022 uliwapa Warepublikani viti 30 vya Seneti, barabara kabisa. Katika Baraza wakapata 71. Gavana wakati ule alikuwa Roy Cooper, Mdemokrati, na tangu mwisho wa 2018 hakuna turufu yake hata moja iliyokuwa imetanguliwa. Kwa hiyo wananchi wa North Carolina walitoka vituoni wakiwa na bunge la chama kimoja, gavana wa chama kingine, na kiti kimoja tu kikisimama katikati ya hao wawili.

Kabla sijamleta Cotham mwenyewe, naomba nirudi nyuma miaka 20, kwa sababu Raleigh ilishapitia jambo kama hili, na lile la kwanza lilikuwa baya kupita kiasi. Uchaguzi wa 2002 uliwapa Warepublikani wawakilishi 61 dhidi ya 59 wa Democratic. Mwanzoni mwa 2003, kabla Spika hajachaguliwa, mwakilishi mmoja wa Republican, Michael Decker, akatangaza kwamba sasa yeye ni Mdemokrati. Ikawa 60 kwa 60. Baraza likakwama, siku zikapita, hadi wakakubaliana kuwa na maspika wawili kwa pamoja, mmoja kutoka kila upande. Wa upande wa Democratic alikuwa Jim Black, mzee wa kaunti ya Mecklenburg, ambako ndiko uliko mji mkubwa wa Charlotte.

Miaka mitatu baadaye ukweli ukatoka mahakamani. Decker alikiri kwamba alipokea dola 50,000 ili ahame. Akafungwa. Jim Black akajiuzulu Februari 2007, akakiri makosa ya rushwa, naye akapelekwa gerezani. Kiti chake cha eneo la uchaguzi namba 100 kikawa wazi.

Na ni nani aliyepewa kiti hicho? Mwalimu kijana wa umri wa miaka 28, Tricia Cotham.

Sisemi hivi ili kumpaka mtu matope ya mwenzake. Cotham hakuhusika kwa lolote na yale ya Black na Decker. Alikuwa mwalimu, baadaye akawa mwalimu mkuu msaidizi, na aliingia bungeni akiwa na sifa ya kuwatetea walimu na shule za umma. Lakini zingatia alivyoingia. Kule North Carolina mwakilishi akijiuzulu hakuna uchaguzi mdogo. Chama chake katika eneo lile hupendekeza jina, na gavana humteua. Kwa hiyo mara ya kwanza Cotham alikalia kiti hicho kwa mkono wa chama cha Democratic, na kura za wananchi zikaja baadaye kumthibitisha, uchaguzi baada ya uchaguzi, hadi mwanzoni mwa 2017.

Na kwao chama kilikuwa ni mambo ya nyumbani. Mama yake, Pat Cotham, alikuwa kamishna wa kaunti ya Mecklenburg na mjumbe wa kamati ya taifa ya chama. Mume wake wa wakati ule, Jerry Meek, aliwahi kuwa mwenyekiti wa Democratic kwa jimbo zima. Huyu si mtu aliyedandia basi njiani. Alizaliwa ndani ya basi.

Sasa nisimame kidogo katika siku moja ya Aprili 2015. Baraza la Wawakilishi lilikuwa likijadili muswada wa kumlazimisha mwanamke anayetaka kutoa mimba asubiri saa 72 badala ya 24. Cotham akasimama. Akaanza kueleza habari za mimba yake mwenyewe ya kwanza: kwamba ilikuwa haiwezi kuendelea, kwamba madaktari walimweleza hatari iliyokuwapo, na kwamba ilibidi itolewe. Ukumbi ulikuwa umejaa wanaume wenye suti, wengi wao wakiwa tayari wameshaamua kura yao. Akawaambia kwamba uamuzi ule ulikuwa wake yeye, mume wake, daktari wake na Mungu wake, na kwamba haukuwa wa yeyote kati yao waliomo ndani ya chumba kile. Muswada ulipita pamoja na yote hayo. Hata hivyo hotuba ile ilisambaa, na wanawake wengi waliopitia yale yale wakamshika moyoni kama mtu wao. Mimi naamini alisema kwa dhati. Ukimsikiliza husikii mtu anayeigiza.

Mwaka 2016 aliwania kwenda bunge la taifa akashindwa ndani ya chama na Alma Adams, akawa nje ya siasa za uchaguzi kwa miaka kadhaa. Akarudi 2022, safari hii katika eneo namba 112, upande wa mashariki wa Mecklenburg pamoja na mji mdogo wa Mint Hill. Ni eneo ambalo Wademokrati ni wengi wazi wazi. Juni ya mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeifuta hukumu ya Roe iliyolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, kwa hiyo suala hilo likarudi mikononi mwa mabunge ya majimbo. Cotham aligombea akiwa mtetezi wa haki hiyo. Vikundi vinavyoitetea vikamuunga mkono. Akashinda kwa karibu asilimia 60. Januari 2023, baada tu ya kuapishwa, alikuwa miongoni mwa waliodhamini muswada wa kuiweka haki ile katika sheria ya jimbo.

Miezi miwili baadaye dalili zikaanza. Mwishoni mwa Machi, Warepublikani walileta kura ya kutangua turufu ya Cooper kuhusu bastola. Walitaka kufuta sharti la mnunuzi kupata kwanza kibali cha mkuu wa polisi wa kaunti. Wademokrati watatu hawakuonekana ukumbini siku hiyo, Cotham akiwa mmoja wao. Alisema alikuwa kwenye matibabu. Wajumbe wakipungua, idadi inayotakiwa nayo hupungua, na turufu ikatanguliwa kwa kura 71 kwa 46. Ilikuwa ya kwanza kuanguka tangu 2018. Wenzake walimshambulia hadharani, na kwa maelezo yake mwenyewe maneno yale yalimchoma sana.

Tarehe 5 Aprili 2023 akasimama katika makao makuu ya chama cha Republican mjini Raleigh, Spika Tim Moore akiwa upande wake, akatangaza kwamba amehama. Alisema chama cha Democratic kimebadilika kiasi kwamba hakitambui tena. Alisema kinawaandama watu wanaofikiri kwa uhuru, kwamba alisakamwa, na kwamba alikosolewa hata kwa kuweka bendera ya taifa na alama ya mikono inayosali kwenye mitandao. Gavana Cooper alisema uamuzi ule unasikitisha. Viongozi wa Democratic wakamtaka ajiuzulu, na baadhi ya waliomchangia fedha wakadai warudishiwe.

Hapa, msikilizaji, nataka tumtendee haki. Mtu anaweza kabisa kuumia ndani ya chama chake. Nani asiyejua chama kinavyoweza kumtafuna mtu wake mwenyewe? Ukitofautiana na wakubwa, simu hazipokelewi, vikao vinapangwa bila wewe, na wale uliokula nao wanaanza kukuita msaliti. Hakuna aliyeonyesha kwamba Cotham alipewa chochote kama alichopewa Decker, na mimi sitamzulia. Gazeti la The New York Times liliripoti baadaye kwamba vigogo wa Republican, akiwamo Spika Moore, walikuwa wamemhimiza agombee tangu 2022, wakati bado anasimama kwa tiketi ya Democratic. Habari hiyo inazua maswali. Hata hivyo, kushawishiwa si kununuliwa, na mtu mzima ana haki ya kubadili mawazo.

Tatizo langu liko kwenye kiti. Cotham alipohama, kiti alihama nacho.

Wiki zile sita baada ya Aprili 5 ndizo zinazonifanya nisikubali. Mwanzoni mwa Mei, ndani ya siku mbili tu, bunge lilipitisha muswada namba 20 wa Seneti. Kutoa mimba kukawa mwisho wiki 12 badala ya 20, pamoja na vighairi kadhaa: mimba iliyotokana na kubakwa, maradhi makubwa ya kiumbe tumboni, hatari kwa maisha ya mama. Jumamosi tarehe 13 Mei Cooper akautia turufu hadharani, mbele ya umati mjini Raleigh, akijua kwamba hahitaji zaidi ya Mrepublikani mmoja asimame naye. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka katika maeneo ya baadhi yao akiwataja kwa majina, akiwakumbusha ahadi zao. Jumanne tarehe 16, Seneti ikatangua kwa 30 kwa 20. Jioni ile ile Baraza la Wawakilishi likapiga: 72 kwa 48. Cotham alipiga ndiyo. Juu kwenye roshani ya wageni watu wakapiga kelele za "Aibu!" hadi wakaambiwa watoke. Usiku ule muswada ulikuwa tayari sheria.

Alitoa maelezo kwamba ameusoma muswada na anaamini umepata uwiano unaokubalika. Inawezekana ndivyo alivyoamini. Lakini mweke pale mwanamke wa Mint Hill ambaye mwaka uliotangulia alisoma karatasi ya kampeni ya Cotham, akakumbuka hotuba ya 2015, akaenda kupanga foleni na kumpigia. Kura ya mwanamke yule ndiyo iliyotumika kupitisha kile ambacho aliipiga ili kisipite. Na hakuwa na la kufanya. North Carolina haina utaratibu wa wananchi kumrudisha nyumbani mwakilishi wao kabla ya muda. Ilimbidi asubiri Novemba 2024.

Sisi huku tumeamua vingine. Katiba ya Tanzania, ibara ya 71, inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, ubunge wake unakoma. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 103, nayo inamnyang'anya kiti anayejiuzulu kutoka chama kilichomfikisha bungeni. Ndiyo maana mwishoni mwa 2017, Dokta Godwin Mollel wa Siha alipoondoka CHADEMA na Maulid Mtulia wa Kinondoni alipoondoka CUF, wote wawili kwenda CCM, ilibidi waachie viti, na Februari 2018 wananchi wakaitwa tena vituoni. Wote wawili walirudi bungeni kwa chama kipya. Tulilalamika sana wakati ule, na yapo mengi ya kulalamikia kuhusu uchaguzi mdogo ule na gharama zake. Mbona pesa za umma zitumike kwa sababu mtu mmoja kaamua "kuunga mkono juhudi"? Nilikuwa miongoni mwa waliouliza hivyo, na swali bado lina maana. Lakini nikiitazama North Carolina naona kwamba angalau mpiga kura wa Siha aliulizwa. Mwanamke wa Mint Hill hakuulizwa.

Ila nisisifie sheria yetu kupita inavyostahili. Ibara ile ile inayomfunga anayehama kwa hiari yake inampa mwenyekiti wa chama rungu juu ya kichwa cha kila mbunge. Ukivuliwa uanachama, umevuliwa na ubunge, hata kama wananchi wako wangali nawe. Mbunge mwenye kichwa chake anajifunza kunyamaza. Kama ningepewa kalamu, ningetenganisha mambo haya mawili: anayeondoka kwa miguu yake arudi kwa wapiga kura ndani ya miezi michache, na anayefukuzwa abaki na kiti chake hadi muda wake uishe. Wapo watakaosema hilo litawafanya wabunge wachokoze makusudi ili wafukuzwe. Labda wachache. Afadhali hao kuliko bunge zima linaloogopa barua ya katibu mkuu.

Turudi Raleigh, kwa sababu bado Novemba 2024 haijafika, na kuna jambo lilitokea kabla yake ambalo wengi wanalipita haraka.

Katika jimbo lile, bunge ndilo linalochora mipaka ya maeneo ya uchaguzi, na gavana hana turufu juu ya ramani hizo. Mwisho wa Aprili 2023, wiki tatu baada ya Cotham kuhama, Mahakama Kuu ya jimbo, ambayo uchaguzi uliopita ulikuwa umeigeuza kuwa na majaji wengi wa Republican, iliamua kwamba si kazi yake kuzuia ramani zilizochorwa kwa upendeleo wa chama. Oktoba ramani mpya zikapita. Cotham akagombea eneo namba 105, lililopangwa upya likawa la ushindani, ambako Mrepublikani angeweza kushinda. Wengi wa wale waliomchagua 2022 katika eneo la 112 hawakuliona jina lake kwenye karatasi ya kura. Walisubiri kwa mwaka mmoja na nusu, na zamu yao ilipofika, aliyewapa sababu ya kusubiri alikuwa amehamishwa mbele ya macho yao. Kwangu mimi hili ni zito kuliko kuhama kwenyewe. Kuhama ulikuwa uamuzi wa mtu mmoja, na mtu hukasirika, huumia, hubadilika. Ramani zile zilichorwa na kundi zima kwa utulivu, mtaa kwa mtaa.

Machi 2024 mama yake, Pat, ambaye hakuhama kwenda popote, alipoteza kiti chake cha kaunti katika kura za maoni za Democratic. Wadadisi wengi walisema amelipia la bintiye. Sioni haki katika hilo, ingawa naelewa lilivyotokea: watu walitaka kumjibu mtu, na aliyekuwa mbele yao kwenye karatasi alikuwa mwenye jina lile.

Kati ya hayo yote Cotham aliendelea kufanya kazi. Yeye, mwalimu wa shule za umma, akawa miongoni mwa waliosukuma mbele mpango wa serikali kuwalipia wazazi ada za shule binafsi bila kujali kipato chao, na bajeti ya 2023 ikaupitisha. Alisema siku zote anachojali ni mtoto kupata elimu inayomfaa. Walimu waliokuwa wakimwita mwenzao waliumia kwa hilo karibu sawa na walivyoumia kwa lile la Mei.

Ikaja Novemba 2024. Katika eneo la 105, Cotham alikabiliana na Nicole Sidman wa Democratic. Zilipigwa makumi ya maelfu ya kura. Alishinda kwa tofauti isiyofika kura 250. Eneo la 112 lilikwenda kwa Mdemokrati. Na jimbo zima lilipomaliza kuhesabu, Warepublikani katika Baraza la Wawakilishi walikuwa na viti 71, idadi ile ile waliyopewa na wananchi miaka miwili kabla. Gavana mpya, Josh Stein, naye ni Mdemokrati. Kwa maneno mengine, wananchi wa North Carolina waliulizwa tena swali lile lile, wakatoa jibu lile lile: bunge lichukueni, lakini gavana abaki na turufu yake.

Lakini bunge jipya huanza Januari, na la zamani lilikuwa bado na wiki kadhaa. Viti 72 vilikuwa bado 72. Ukaletwa muswada uliobeba jina la msaada kwa waathirika wa kimbunga Helene, na ndani yake kukawa na vifungu vya kumnyang'anya gavana mamlaka ya kuteua tume ya uchaguzi ya jimbo na kuyapeleka kwa mkaguzi wa hesabu, nafasi ambayo Mrepublikani alikuwa ameshinda. Cooper akautia turufu mwishoni mwa Novemba. Tarehe 11 Desemba 2024, zaidi ya mwezi mmoja baada ya wananchi kuamua kwamba idadi ile isiwepo tena, Baraza likatangua turufu kwa kura 72 kwa 46.